Shajara ya mradi: penseli za rangi zinazofutika kwa michoro ya milango na kwa diwani ya ami

11 Januari 2025: Kazi mbili

Ninaandika shajara hii ili mwalimu mwingine, au mchoraji mwingine anayekaa barazani Mji Mkongwe na daftari mapajani, asilazimike kununua kila nitakachonunua mimi. Nina kazi mbili. Ya kwanza ni kuchora milango ya nakshi ya Unguja, mmoja kila Jumamosi. Huanza na mistari hafifu ya rangi inayoweka vipimo vya miimo, kizingiti cha juu, mfaa (ule ubao wa wima wa katikati) na safu za njumu, kisha huchora juu yake kwa penseli nyeusi au kwa wino, na mwisho huifuta mistari ile ya mwanzo. Ya pili ni kutia alama diwani moja ya mashairi niliyorithi kwa marehemu ami yangu, ambaye naye alikuwa mwalimu wa Kiswahili, ili niitumie kuwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu vina na mizani.

Rangi ninaihitaji kwa sababu jicho la mwanafunzi huona haraka kuliko anavyohesabu. Katika tarbia ya mizani 16, nikipigia kina cha kati mstari wa rangi moja na kina cha mwisho mstari wa rangi nyingine, ubeti ulioharibika huonekana kabla haujasomwa. Kufutika ninakuhitaji kwa sababu tunakosea, mimi pamoja nao. Mwanafunzi huhesabu neno "mgeni" kuwa na mizani 2, akisahau kuwa ile m ni silabi inayosimama peke yake na kwamba mizani ni 3, ilhali "mbuzi" ni mizani 2 kweli. Alama zikiwa zimepigwa kwa kalamu ya kawaida, kosa hilo hukaa kitabuni hata baada ya sisi wote kuondoka. Diwani yenyewe si yangu peke yangu. Ilinifikia kutoka kwa mtu na itakwenda kwa mtu.

Ninachotafuta ni penseli ambayo mstari wake unaonekana kwa umbali wa mkono, ambayo ncha yake inaingia kati ya mistari ya chapa, na ambayo ikifutwa inaiacha karatasi kama ilivyokuwa. Sharti hili la mwisho ndilo nitakalolishikilia zaidi. Sitaipima penseli kwa uzuri wa rangi yake bali kwa kile kinachobaki baada ya raba kupita.

25 Januari: Seti ya kawaida, na mchoro mmoja uliopotea

Nimeanza na penseli 12 za rangi za kawaida, za shilingi 5,000, zile ambazo kila duka la vifaa vya shule huziuza. Nilijua hazikutengenezwa kwa kufutwa, lakini nilitaka kuona upungufu wake ni wa kiasi gani, kwa kuwa wanafunzi wangu wengi hawatapata nyingine.

Kosa langu lilikuwa kuzijaribu juu ya mchoro halisi. Nilikuwa nimetumia karibu saa mbili kuweka vipimo vya mlango mmoja wa upinde kwa penseli nyekundu, na nilipoanza kufuta, mstari haukuondoka bali ulitawanyika ukawa wingu la waridi juu ya karatasi yote. Kadiri nilivyozidi kusugua ndivyo wingu lilivyozidi kung'aa, mpaka uso wa karatasi ukachubuka. Ukurasa ule nimeuchana.

Baadaye nilikaa kufikiri kwa nini. Penseli nyeusi huandika kwa grafiti iliyochanganywa na udongo, na vipande vyake vyembamba hulala juu ya nyuzi za karatasi bila kuzishika sana, kwa hiyo raba huviokota. Penseli ya rangi ya kawaida hubeba chembe za rangi ndani ya nta au mafuta, na nta huzishikilia zile nyuzi. Msuguano wa raba huleta joto, joto hulainisha nta, na nta iliyolainika huingia ndani zaidi pamoja na rangi yake. Anayesugua kwa nguvu, basi, anaisaidia rangi ikae.

Kuanzia leo hakuna penseli itakayogusa daftari wala kitabu kabla haijapita kwenye kibanzi cha majaribio kilichokatwa kutoka karatasi ya aina ileile. Nimekata vibanzi vya karatasi tatu: karatasi ya kopi ya gramu 80, karatasi ya daftari langu la michoro ambayo ni nene na ina mkwaruzo kidogo, na karatasi nyembamba kutoka kurasa tupu za mwisho za kamusi iliyochakaa, kwa sababu karatasi ya diwani ya ami inafanana nayo. Karatasi zote zimenigharimu shilingi 8,000.

16 Februari: Wino unaofutika kwa joto

Rafiki mmoja alinishauri niache penseli na nitumie kalamu zile za wino ambazo hufutwa kwa kusuguliwa na kipande cha plastiki ngumu kilicho mwisho wa kalamu. Nilinunua mbili kwa shilingi 6,000. Kwenye vibanzi zilinifurahisha mno. Mstari ulikuwa mwembamba, rangi ilikolea, na ulipofutwa haukuacha vumbi wala doa hata kwenye karatasi nyembamba. Nilidhani mradi umekwisha ndani ya mwezi mmoja, nikapigia mistari kitabu changu cha sarufi, kurasa zipatazo 40, nikijiandalia masomo ya muhula mzima.

Jana nilikiacha kitabu kile garini, juu ya dashibodi, tangu adhuhuri hadi alasiri, vioo vikiwa vimefungwa na jua la kaskazi likiwa juu yake. Nilipokifungua nyumbani sikukuta mstari hata mmoja. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa nikidhani nimechukua kitabu kisicho changu.

Siri ni kwamba wino huu haufutwi na msuguano bali na joto ambalo msuguano huleta. Ndani yake mna rangi ambayo huonekana ikiwa imeungana na kemikali ya pili, na mna kitu cha tatu ambacho joto likifikia nyuzi 60 hivi za Selsiasi huwatenganisha hao wawili, rangi ikatoweka. Wino upo palepale karatasini. Kilichoondoka ni kuonekana kwake. Dashibodi ya gari lililofungwa, kwetu huku, katika mwezi wa Februari, hufika nyuzi hizo bila taabu.

22 Februari: Kitabu kwenye jokofu

Wino ule hurudi ukipozwa sana. Huanza kurudi kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, na sehemu ya kugandishia ya jokofu la nyumbani hufika 18 chini ya sifuri. Nilikifunga kitabu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikatoa hewa, nikakiweka humo usiku kucha. Nilipokitoa nilijizuia kukifungua mara moja, kwa sababu karatasi baridi ikikutana na hewa yetu yenye unyevu hutoka jasho. Nilikiacha mfukoni humo kwa saa tano mpaka kikalingana na joto la chumba. Anayetaka kufanya hivi asiiruke hatua hiyo.

Mistari ilirudi, mingine ikiwa imefifia. Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba ilirudi yote, pamoja na ile niliyokuwa nimeifuta kwa makusudi. Mahali nilipokuwa nimekosea nikafuta nikapiga upya, sasa kosa na sahihisho vimekaa pamoja, na hakuna ajuaye kipi ni kipi isipokuwa mimi. Kalamu hizi nimeziondoa kabisa kwenye mradi. Zinaweza kumfaa mtu wa daftari la shughuli za wiki, lakini kitabu kitakachoishi miaka hamsini katika hali ya hewa ya pwani kisiguswe nazo.

9 Machi: Seti ya shule inayofutika

Kuna penseli za rangi zinazouzwa kwa ajili ya watoto zikiwa na raba mwishoni, na zimeandikwa kwenye kasha kuwa zinafutika. Seti ya 12 nimeipata kwa shilingi 28,000. Tupo kwenye Ramadhani, sitoki kuchora, kwa hiyo nimepata muda wa kufanya majaribio kwa utaratibu.

Kwenye kila aina ya karatasi nimepiga mistari kwa mikandamizo mitatu, mwepesi, wa kati na mzito. Nimekata kila kibanzi vipande viwili: kimoja nimekifuta baada ya dakika tano, na kingine nimekitia katikati ya kitabu kizito ili nikifute baada ya mwezi.

Mkandamizo mwepesi ulifutika karibu wote, ukiacha kivuli kinachoonekana tu mtu akikitafuta. Wa kati uliacha kivuli dhahiri kwenye karatasi nyembamba, hasa kwa nyekundu na zambarau. Mzito haukufutika popote. Kwa hiyo neno "zinafutika" kwenye kasha ni kweli kwa mkono mwepesi tu. Manjano ilifutika vizuri kuliko zote, lakini usiku chini ya taa ya mwanga wa dhahabu sikuweza kuiona hata kabla sijaifuta, na alama isiyoonekana wakati ninaposahihisha kazi hainisaidii.

Makosa mawili nimeyafanya hapa. La kwanza, nilitumia raba zilizo mwisho wa penseli zenyewe. Ni ngumu, na raba iliyokwisha kufuta nyekundu ilipaka uwaridi kwenye mstari uliofuata. Niliporudia kwa raba nyeupe laini ya plastiki, ya shilingi 1,500, matokeo yaliboreka kuliko nilivyotarajia, kiasi cha kunifanya niamini kuwa majaribio yangu ya awali yalikuwa yanapima raba badala ya penseli. La pili, nilifuta kwa kwenda na kurudi. Sasa ninafuta kwa upande mmoja tu, kutoka ndani ya mstari kwenda nje, na baada ya kila mipigo mitatu ninaisugua raba juu ya karatasi safi mpaka iache kutoa rangi.

Kilichonizuia kuishia hapa ni ncha. Kiini cha penseli hizi ni kinene na laini, kikichongwa kikaingia kati ya mistari ya chapa huvunjika, na kisipochongwa hufunika neno zima. Seti nimempa binti yangu, naye anaitumia kwa furaha.

12 Aprili: Penseli sita kutoka Marekani, na mifuo

Binti wa shangazi yangu anayeishi Marekani ameniletea penseli sita za Col-Erase, za jina la Prismacolor, ambazo kwa miaka mingi wachoraji wa katuni za filamu wamezitumia kwa michoro yao ya awali: huweka umbo kwa bluu au nyekundu, kisha huchora mstari wa mwisho kwa penseli nyeusi juu yake. Hiyo ndiyo kazi yangu ya milango hasa, ndiyo maana nilimwomba. Nimemrudishia dola 12, ambazo ni kama shilingi 31,800. Nimechagua bluu hafifu, bluu iliyokolea, nyekundu ya karmini, kijani, kahawia na chungwa.

Tofauti na seti ya shule niliisikia mkononi kabla ya kuiona. Kiini ni kigumu na kikavu, hakitelezi kama nta, na ncha hukaa kali kwa muda mrefu. Rangi haikolei, na mwenye kutaka picha iliyokamilika kwa rangi atasikitika. Mimi ukavu huo ndio niliokuwa nikiutafuta, kwa kuwa kisichong'ang'ania karatasi hutoka.

Hata hivyo, nimeharibu michoro miwili kwa sababu ya ugumu huohuo. Bluu hafifu haionekani vizuri juani, na mimi huchora nje. Bila kujua nilianza kukandamiza ili niione. Nyumbani niliifuta, rangi ikatoka yote, nikaridhika. Nilipoanza kutia kivuli mbao za mlango kwa ubapa wa penseli nyeusi, mistari yote niliyoifuta ilijitokeza tena ikiwa myeupe, kwa sababu ncha ngumu ilikuwa imechimba mifuo ambayo grafiti ilipita juu yake bila kuingia. Hakuna raba inayoziba mfuo.

Nimejaribu tiba tatu. Kusugua upande wa nyuma wa karatasi kwa mgongo wa kijiko kulisaidia kidogo. Kutumia bluu iliyokolea badala ya hafifu kulisaidia zaidi, kwa sababu naiona bila kukandamiza. Kilichomaliza tatizo ni kuishika penseli mbali na ncha, karibu na mwisho wake, ambapo vidole havina uwezo wa kukandamiza hata vikitaka, na kukaa upande wa kivuli wa njia, nikikubali kuchora mlango ulio mbele ya kivuli na si ule nilioupenda zaidi.

10 Mei: Masika

Wiki tatu za mvua zimenifunza kuwa karatasi nayo hubadilika. Vibanzi vilevile vilivyofutika vizuri Machi sasa vinaota manyoya chini ya raba. Karatasi iliyonyonya unyevu wa hewa hulainika, na nyuzi zake hung'oka pamoja na rangi. Kwenye karatasi ya kamusi nimetoboa tundu dogo.

Sasa daftari, vibanzi na diwani vyote vinakaa ndani ya debe la biskuti lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Siku ya mvua sifuti. Ninachora tu, na ninafuta baada ya karatasi kulala debeni usiku mmoja. Tofauti ni kubwa, na haigharimu kitu.

Nimevitoa pia vibanzi vya seti ya shule vilivyokuwa vimelala kitabuni. Vilifutika karibu sawa na vile vya dakika tano. Muda wenyewe, basi, haukuidhuru alama. Kilichonishtua ni kwamba mistari mizito ilikuwa imejichapa kwenye ukurasa wa pili kwa uzito wa kitabu, na kule hakuna aliyekusudia kuipiga. Mistari myepesi haikujichapa.

24 Mei: Mambo mawili mafupi

Raba yangu ya plastiki niliiacha kwa mwezi mmoja ikigusana na rula ndani ya mkebe, na imeiyeyusha rula ikaganda nayo. Mafuta ya kulainishia yaliyomo kwenye raba za aina hii hupenya plastiki ngumu, na joto letu huharakisha jambo hilo. Nimenunua nyingine kwa shilingi 1,500, na inakaa ndani ya ganda lake la karatasi.

Nimejaribu pia penseli ya kubonyeza yenye risasi za rangi za milimita 0.5, nikitumaini ncha ambayo haihitaji kuchongwa. Ilinigharimu shilingi 30,000 pamoja na risasi zake. Mstari ni mwembamba kama uzi na unafutika vizuri, lakini katika ukurasa mmoja wa beti sita risasi ilinivunjikia mara tisa. Huenda mkono mwepesi kuliko wangu ungeiweza. Nimeiweka kando.

14 Juni: Maandishi ya ami

Nilikuwa nimeiahirisha diwani mpaka niwe na uhakika wa kila kitu, na wiki hii nilidhani ninao. Nilianza na shairi la kwanza la tarbia: kina cha kati kwa kijani, kina cha mwisho kwa nyekundu ya karmini, na vitiki vidogo vya bluu juu ya silabi. Katika ubeti wa tatu niligundua nimehesabu vibaya utao, yaani kipande cha pili, wa mshororo wa pili, nikachukua raba nyeupe, nikafuta kwa uangalifu wote niliojifunza, upande mmoja, mipigo mitatu, nikasafisha, nikarudia. Vitiki vyangu vilitoka. Na pamoja navyo lilitoka neno ambalo ami aliliandika pambizoni kwa penseli nyeusi, kwa mwandiko wake mdogo wa mshazari, nusu inchi kutoka pale nilipokuwa ninafuta.

Nimeandika humu kuhusu nta, joto na unyevu, na katika miezi mitano sikuwahi kufikiri kwamba raba inayofuta rangi yangu ngumu itafuta grafiti yake laini kwa urahisi zaidi. Vibanzi vyangu vyote vilikuwa na alama zangu tu. Hakuna kimoja kilichokuwa na alama ya mtu mwingine.

Nilikaa na kitabu kile kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka mifuo ya Aprili. Nilizima taa, nikawasha tochi ya simu, nikailaza karibu sawa na ukurasa ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu, nikaanza kuigeuza polepole. Ami alikuwa na mkono mzito. Mifuo ilitoa kivuli, herufi zikajitokeza moja moja: "taz. uk. 31". Nilifungua ukurasa wa 31 nikakuta shairi lenye vina vilevile, la kujibu hili. Alikuwa ameuona uhusiano ambao mimi, baada ya miaka yote ya kukisoma kitabu hiki, sikuwa nimeuona.

Nimeyaandika upya maneno yake ndani ya mifuo yake, kwa penseli nyeusi. Kwenye daftari langu nimeandika tarehe na kwamba mwandiko huo sasa ni wangu juu ya wake, ili atakayekirithi kitabu asidanganyike.

Baada ya hapo nimefanya mambo mawili. Kwanza, kila ukurasa wa diwani nimeupiga picha kabla ya kuugusa. Pili, nimetengeneza kinga ya kufutia, kama zile za chuma chembamba wanazotumia wachora ramani za majengo. Yangu nimeikata kutoka filamu ya zamani ya eksirei, ambayo ni nyembamba na haipindiki ovyo. Nimetoboa ndani yake mwanya mrefu wa milimita 2, mwanya mfupi, na tundu la ukubwa wa herufi moja. Ninalaza mwanya juu ya alama ninayotaka kuitoa, na raba haigusi kingine chochote. Kwa alama zilizo karibu sana na mwandiko wa ami situmii raba ya plastiki kabisa. Ninatumia raba ya kufinyanga, ile ya kijivu inayokandwa kama unga, niliyoinunua kwa shilingi 7,000. Ninaichonga kwa vidole iwe na ncha, ninaigandamiza juu ya alama na kuiinua bila kusugua. Huchukua muda na haitoi kila kitu, lakini kivuli kidogo cha kijani ni afadhali kuliko pambizo tupu.

5 Julai: Mistari isiyohitaji kufutwa

Nikiwa bado ninaogopa raba, nimejiuliza kama milango inaihitaji hata kidogo. Michoro yangu mingi mwisho wake ni skana, kwa sababu ninataka kuwagawia wanafunzi nakala.

Wachapaji wa zamani walitumia bluu hafifu kwa maelekezo yao kwa sababu filamu ya kuchapia haikuitofautisha na weupe wa karatasi. Skana ya leo huiona, lakini inaweza kuambiwa isiione. Picha ya rangi huhifadhiwa katika chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, na katika chaneli ya bluu mstari wa bluu hafifu huwa karibu mweupe, ilhali wino mweusi hubaki mweusi. Nilichukua skani ya mlango wenye njumu, nikaitenganisha chaneli kwa programu ya GIMP ambayo ni ya bure, nikabakiza ya bluu na kuongeza kidogo mwachano wa weusi na weupe. Mistari yote ya vipimo ilitoweka, nakshi zikabaki safi, na karatasi yenyewe haikuguswa. Nilipojaribu na mchoro wa karmini ilinibidi nichukue chaneli nyekundu, na matokeo yalikuwa mazuri lakini si safi kama ya bluu. Kahawia haikubali popote, kwa kuwa ina giza katika chaneli zote.

Jambo moja niliharibu: nilipitisha wino juu ya mistari ya bluu niliyoikoleza, na kalamu ikaruka palepale ilipoikuta. Hata penseli kavu huacha utando ukirundikwa. Sasa kabla ya wino ninaigandamiza raba ya kufinyanga juu ya mchoro mzima ili kuupunguza, bila kuufuta.

Mzee mmoja mwenye nyumba, ambaye mlango wake nilikuwa nauchora, aliutazama mchoro ukiwa bado wa bluu tupu akaniambia, "Mwalimu, huo mfaa umeuweka katikati mno. Wetu umeegemea, ulitengenezwa upya." Niliupima kwa kidole na penseli, nikakuta amesema kweli. Niliufuta mfaa na kuuhamisha pale pale barazani, naye akiangalia, na karatasi haikuonyesha.

2 Agosti: Hali ilivyo sasa

Michoro 17 ya milango imekamilika, na mashairi 22 ya diwani yametiwa alama. Kwa milango ninatumia bluu mbili, hafifu kwa mchoro wa kuskaniwa na iliyokolea kwa mchoro wa kufutwa. Kwa diwani ninatumia kijani kwa vina vya kati, karmini kwa vina vya mwisho kwa mkono mwepesi sana, na bluu hafifu kwa vitiki vya mizani, ambavyo kwenye mashine ya kopi ya jirani na shule havionekani, kwa hiyo ninaweza kuwatolea wanafunzi nakala ya ubeti uliotiwa vitiki wakauhesabu wenyewe upya. Chungwa na kahawia sikupata kazi ya kuzipa.

Vibanzi nilivyovibandika dirishani mwezi Aprili, nusu vikiwa vimefunikwa, vimeonyesha kuwa chungwa na karmini zimepauka upande uliopigwa na jua. Penseli hizi ni za kazi ya awali na za kitabu kinachofungwa. Mchoro wa kutundikwa ukutani uwe wa kitu kingine.

Gharama yote imefika shilingi 118,800. Vilivyobaki mezani kwangu, yaani penseli sita, raba moja ya plastiki na moja ya kufinyanga, ni vya shilingi 40,300. Na kwa kuwa penseli ninazozitumia kweli ni nne, anayeanza leo anaweza kupunguza zaidi. Kinga ya eksirei haikugharimu kitu, nayo ndiyo ninayoishika kwanza kabla ya raba.

Ukurasa wa 31 wa diwani nimeufikia juzi. Ami alikuwa ameandika pale pia, "taz. uk. 12", kwa mkono uleule mzito. Nimeupiga picha, nimeilaza kinga juu ya pambizo lake, na vitiki vyangu nimevianzia upande wa pili wa ukurasa.